Kaa wa Ganda la Konokono

Kosa litakaloonekana katika masimulizi haya ni lile la kumhesabu kila aliye mdogo kuwa ni mtoto. Ni kosa la watu wenye madaraka, na ubaya wake ni kwamba halina kelele. Mwizi anajua kwamba ameiba, na ampigaye mwenziwe huisikia fimbo mkononi mwake. Lakini anayemtazama mtu mzima akamwona mtoto hulala usingizi wake vizuri, kwa kuwa anadhani anamtendea wema. Nililiona kosa hili likitendwa na mtu niliyemheshimu sana, na aliyelisahihisha ni mnyama ambaye angeweza kutulia juu ya ukucha wa kidole changu cha gumba. Sitataja majina ya watu, isipokuwa moja, nalo nitalitaja mahali pake.

Miaka michache baada ya uhuru nilipata kazi katika maabara ya ziwa hapa Uvira. Ilikuwa nyumba ndefu ya matofali, madirisha yake yakitazama maji, na ndani yake mlikuwa na harufu ya alkoli na samaki iliyoingia katika mashati yangu isitoke tena. Nilikuwa nimemaliza masomo ya sekondari katika shule ya misheni. Sikunywa, sikuvuta, nilisoma Maandiko kanisani kila Jumapili, na nilidhani kwamba ulimwengu nimekwisha kuujua kwa sehemu kubwa. Kisha wakaniwekea tone la maji ya ziwa chini ya mikroskopi.

Nilipiga kelele. Katika tone lile mlikuwa na mnyama mwenye jicho moja jekundu katikati ya paji la uso. Alipiga makasia kwa pembe zake mbili ndefu, na nyuma amebeba mifuko miwili ya mayai, kama mwanamke atokaye sokoni na mizigo mikono yote miwili. Ubavuni mwake alipita mwingine aliyejifungia katikati ya magamba mawili mfano wa harage, akichomoza miguu kidogo, akiirudisha, akichomoza tena. Nikaambiwa kwamba wote hao ni ukoo mmoja na uduvi na kaa, na kwamba ndagala, dagaa wetu wa ziwani, huwala hao, na bila wao soko letu lingekuwa uwanja mtupu. Nilikuwa nimeoga katika maji hayo tangu utotoni. Nilikuwa nimeyanywa! Wageni wote hawa walikuwa wamepita kooni mwangu, wala sikuwahi kuwasalimu.

Tangu siku hiyo sikutembea kwenda kazini. Nilikimbia.

Mkuu wa maabara alikuwa Mkongo wa kwanza kukalia kiti kile. Kabla ya uhuru alikuwa msaidizi kwa miaka mingi chini ya mkurugenzi mzungu, na alipenda kutusimulia jinsi mkurugenzi huyo alivyokuwa akimtambulisha kwa wageni. "Huyu ni mtoto wangu wa maabara," alikuwa akisema, na mtoto huyo wakati huo alikuwa na mvi na binti aliyekwisha kuolewa. Mkurugenzi alimwambia pia kwamba siku moja, akikua, huenda akaweza kuandika chini ya jina lake mwenyewe. Kila aliposimulia hayo, mkuu wetu alilikaza fundo la tai yake mpaka kola ikajikunja. Sisi tuliomsikiliza tulikasirika pamoja naye.

Alikuwa mwalimu wa ajabu. Ni yeye aliyenifundisha jambo ambalo mpaka leo, nikiwa nimefundisha elimu ya viumbe miaka mingi, bado hunisisimua mwili. Alisema kwamba ziwa hili ni kongwe mno, na kwamba zamani zisizohesabika kaa wa mito waliingia humo, na wajukuu wa wajukuu wao wakagawana makao. Mmoja akawa na mwili bapa ili ajipenyeze chini ya mawe. Mwingine akaota gando nene kama koleo la mhunzi, la kuvunjia konokono. Na konokono naye hakukaa kimya: kizazi baada ya kizazi akaongeza unene wa ganda lake. Alinipa ganda lenye kovu lililopinda na kuniambia nilipapase kwa kidole.

"Hapa kaa alibana akashindwa," alisema. "Konokono akajiziba ufa, akaendelea kukua. Unapapasa vita, kijana. Hakuna aliyeitangaza, na haijaisha."

Nililala na ganda lile chini ya mto wangu.

Sasa, katika rafu ya chini ya chumba chake kulikuwa na bokali kubwa ya kioo iliyojaa kaa wadogo waliohifadhiwa katika alkoli, na juu yake etiketi ya karatasi yenye neno la Kifaransa lenye maana ya "vijana". Mkuu alikuwa akiandika kazi yake kubwa kuhusu kaa wa ziwa, na humo alikwisha kukata shauri kwamba wadogo hao ni watoto wa yule kaa mkubwa mwenye gando nene. Mimi niliwapanga na kuwaosha kila wiki, na kadiri nilivyowaosha ndivyo shauri hilo lilivyonikaa vibaya.

"Shefu," nilimwambia siku moja mbele ya wenzangu, "hawa wana madoadoa mgongoni. Mkubwa hana."

"Mtoto wa nguruwe mwitu ana mistari. Umewahi kumwona baba yake akiwa nayo?"

"Hapana, Shefu. Lakini mbona hatujapata hata mmoja wa katikati, aliyeanza kuyapoteza madoa?"

"Swali hilo utalijibu mwenyewe, kijana, ukikua."

Wenzangu walicheka. Yeye pia alicheka, tena kwa upole, na upole huo ndio ulionichoma. Lakini alikuwa mtu wa haki pale alipokumbuka kuwa wa haki. Alichukua bokali ile, akaiweka mbele yangu, akasema:

"Niletee mmoja mdogo kama hawa, jike, mwenye mayai chini ya tumbo. Mtoto hazai. Siku utakayomleta, nitaibandua etiketi hii kwa kucha zangu mwenyewe. Kabla ya siku hiyo, tusisumbuane."

Niliipekua bokali nzima. Kaa hukunja mkia wake chini ya tumbo; wa dume ni mwembamba, wa jike asiyekomaa ni mwembamba pia, lakini jike aliyekwisha kuwa mama ana mkia mpana kama bakuli, wa kukumbatia mayai. Mikia yote niliyoitazama ilikuwa myembamba. Ilionekana kama mkuu amenishinda.

Kwa wakati huo hatukujua kwamba namna yetu ya kufanya kazi ndiyo iliyokuwa ikituficha jibu. Tulikwenda ziwani kwa mtumbwi, mimi na mpiga kasia wa maabara, mtu mzima wa huku kwetu ambaye mabega yake yalikuwa kama mlango. Tuliburuta chini ya maji wavu wenye mdomo wa chuma, na kila tulipoupandisha ulikuja na mchanga, mawe, uduvi, kaa wachache wanaotambaa, na maganda matupu ya konokono mkubwa, mengi kuliko kitu kingine chochote. Tangu enzi za Wazungu kulikuwa na amri kwamba maganda matupu yatupwe majini papo hapo, yasiulemee mtumbwi. Mpiga kasia aliyaita mifupa.

"Tupa mifupa, Pasta!" alikuwa akiniambia. Waliniita Pasta kwa sababu ya Jumapili zangu. "Tupa mifupa, tubaki na nyama."

Nami niliyatupa kwa mikono miwili, kazi iende upesi.

Kisha uasi ukafika. Sitaueleza, kwa kuwa wengine wameueleza na kila mmoja ana marehemu wake wa kuwahesabu. Nitasema tu kwamba habari zilianza kushuka kutoka bonde la Ruzizi pamoja na watu wa Runingu na Bwegera waliobeba magodoro vichwani, na kwamba mkuu wetu aliamua kufunga maabara. Vitabu, mikroskopi, bokali zote na alkoli yote vilitiwa katika masanduku na kupelekwa bandarini Kalundu, vingoje boti ya kuvuka kwenda Usumbura. Yeye mwenyewe alihamia huko, akikaa juu ya masanduku yake kama kuku juu ya mayai, akimalizia ile kazi yake ya kaa. Ikivuka vile ilivyo, imekwisha. Nani angerudi kuitazama tena? Kaa wangu wadogo wangeandikwa watoto milele.

Nilimwomba mpiga kasia twende mara moja tu, mara ya mwisho. Alinung'unika, lakini alikuja. Ilikuwa asubuhi safi, milima ya ng'ambo inaonekana mpaka mikunjo yake. Tulikuwa tumeupandisha wavu ukiwa umejaa hadi mdomoni, na mkono wangu ulikwisha kushika mafungu ya kwanza ya maganda, iliposikika milio kutoka upande wa bonde.

"Ni ngurumo?" niliuliza.

"Ngurumo gani, na jua hii?" alisema. "Acha mifupa! Acha, nakuambia! Shika kasia!"

Tulipiga makasia kama watu wenye wazimu. Tulipofika ufukweni yeye alikimbilia kwao bila kuaga, nami nilibaki na wavu uliojaa. Mtu mwenye akili angeuacha pale. Mimi niliubeba begani, maji yakinitiririka mgongoni, nikapita nao vichochoroni hadi nyumbani kwangu Songo. Nikayamwaga maganda yote katika beseni kubwa la kufulia, nikayafunika kwa maji ya ziwa niliyoyachota kwa ndoo, nikaufunga mlango wa ua. Jioni hiyo wapiganaji waliingia mjini na kutangaza kwamba kila mtu akae nyumbani kwake, na kwamba atakayeonekana ufukweni atahesabiwa kuwa anataka kutoroka.

Kulipokucha nilisikia kitu kikikwaruza. Niliinama juu ya beseni. Maganda niliyoyaacha yakitazama huku yalikuwa yakitazama kule. Na katika mdomo wa ganda moja palionekana magando mawili madogo, yamewekwa sambamba kama komeo la mlango.

Nilichukua lensi yangu ya mkononi. Ganda la pili lilikuwa na magando. La tatu pia! Nilivunja kipande cha ndagala mkavu, nikakishusha polepole kwa uzi mbele ya mlango mmoja, nikangoja bila kupumua. Likatoka gando moja. Ukatoka mguu, ukatoka mwingine. Akatoka kaa mzima, mdogo, mgongo wake una madoadoa, yaleyale ya kwenye bokali. Nilimdaka kwa vidole viwili, nikamgeuza.

Mkia mpana kama bakuli. Na ndani ya bakuli hilo, yamesongamana kama punje za ulezi, yenye rangi ya chungwa, yaking'aa katika jua la asubuhi: mayai.

Nilipiga kelele kwa mara ya pili maishani mwangu.

"Eh, Pasta!" ilijibu sauti ya kike kutoka nyuma ya ua wa matete. "Nyoka imekuuma?"

"Amezaa!" nilisema. "Yaani, atazaa!"

"Nani atazaa? Weye huna bibi!"

Sauti hiyo ilikuwa ya jirani yangu. Alikuwa mwanamke wa makamo, mjane, msemaji wa Kirundi kutoka Bwegera, aliyepika kanyanga nyuma ya nyumba yake kwa pipa na mrija wa shaba. Mtaa mzima ulimwita Mama Kanyanga. Moshi wake uliingia dirishani kwangu kila Jumamosi. Kuhusu pombe msimamo wangu ulikuwa mkali, na niseme wazi kwamba haujabadilika hadi leo: nimezika marafiki wengi mno waliouawa na chupa. Basi mimi na yeye tulisalimiana kwa heshima na hatukuzidisha.

Mimi nilikuwa nikicheka peke yangu kama mlevi. Nilikuwa nimeelewa yote kwa pamoja. Kaa hawa huishi ndani ya maganda matupu, na mama mwenye mayai hujifungia humo asitoke ovyo. Tuliowakamata wakitambaa nje walikuwa madume yenye mikia myembamba, pamoja na watoto wachache wa kweli. Akina mama tuliwatupa majini pamoja na nyumba zao, kila siku, miaka yote, kwa amri, tukiwaita mifupa! Nilivunja maganda mengine mawili kwa uangalifu. Katika moja alikuwamo mama mwingine, naye tumboni hakuwa na mayai ila vikaa vilivyokwisha kuanguliwa, vidogo kama vichwa vya pini, kila kimoja na magando yake. Aliwabeba watoto wake kama mama yeyote wa Songo abebavyo.

Furaha hiyo ilidumu siku moja. Siku iliyofuata maji katika beseni yalianza kunuka. Kwenda ziwani kuchota mengine kulikatazwa kwa bunduki, na maji ya kisima niliyoyajaribu katika kikombe yaliua uduvi mara moja. Kaa walianza kufa. Nilipomtazama yule mama wa kwanza, mama yangu wa chungwa, niliona jambo lililoniumiza: kwa miguu yake ya nyuma alikuwa akiyachomoa mayai yake, moja moja, akiyaangusha. Hewa ilikuwa imemwishia, na mzigo ulimshinda. Bila mayai angekuwa kaa mdogo tu, na mkuu angeniambia nikue.

Alkoli ilikuwa Kalundu, ndani ya masanduku. Nilisimama katikati ya ua wangu. Kisha nikaenda kwenye matete.

"Mama," niliita. "Mama jirani."

"Karibu, Pasta. Leo iko sala gani?"

"Nahitaji kanyanga."

Kisha kikasikika kicheko ambacho nadhani kilifika mpaka mlimani. "Yezu wangu! Waasi wameingia Uvira, na Pasta ameingia kanyanga! Ngoja, nikae kwanza."

"Si ya kunywa, mama."

"Bote banasemaka vile."

Nilimsihi apite aone. Alipita kupitia tundu la matete, akijifuta mikono kwenye kitenge, bado anacheka. Nilimpa lensi na kumwonyesha namna ya kuisogeza karibu na jicho. Aliinama juu ya beseni. Alicheka kidogo tena, halafu akaacha.

"Anatupa watoto," alisema mwishowe.

"Hana hewa. Nikimtia katika kileo kikali sasa hivi, atakufa mara moja na mayai yatabaki mahali pake. Nisipomtia, atakufa polepole na mayai yatapotea. Kuna mtu Kalundu anayesema huyu ni mtoto."

"Huyu?" Alinitazama kana kwamba nimemtukana yeye. "Mutoto na mimba yote hii? Huyo muntu ana macho?"

"Anayo. Ni msomi mkubwa."

"Mm," alisema.

Alirudi kwake. Nilimwona kwa matundu ya matete akiyaondoa majivu ya jiko lake kwa mwiko, akifukua chini yake. Alirudi na chupa iliyofungwa kwa guguta la muhindi. Wapiganaji walikuwa wamepita nyumba kwa nyumba wakichukua vinywaji bila kuuliza bei, na hiyo ndiyo iliyobaki.

"Hii ni matone ya kwanza ya pipa," alisema. "Ile kali yenyewe. Niliificha kwa siku ya kukimbia. Nikifika ng'ambo na hii, nauza, naanza kazi tena. Bila hii, nafika na mikono tupu." Alimimina kidogo katika kisahani, akakigusa kwa kaa la moto. Ndimi za buluu zilisimama juu ya kisahani bila moshi. "Maji ikiwa mingi, moto inakataa. Unaona? Haikatai. Tia mama yako."

Nilimshusha kaa ndani ya chupa. Alijinyoosha mara moja, akatulia, na mayai yake yakatulia pamoja naye, yameshikamana, mazuri kama yalivyokuwa alfajiri ile. Nilitaka kumshukuru jirani yangu kwa maneno yanayostahili, lakini alikuwa amekwisha kunigeuzia mgongo.

Asubuhi iliyofuata ilitangazwa kwamba barabara inafunguliwa hadi adhuhuri, wenye shida wapite. Habari zikaja pamoja na tangazo hilo kwamba boti ya Kalundu inaondoka siku ileile. Nilipotoka na chupa chini ya koti, jirani yangu alikuwa amesimama njiani na kikapu kichwani.

"Unakwenda wapi, mama?"

"Kalundu. Chupa ni yangu. Nataka nione bakubwa banaiheshimu."

Tulitembea upesi hata tukawa tunahema. Karibu na mwisho wa mji palikuwa na bariera, gogo lililolazwa juu ya mapipa mawili, na wapiganaji watatu. Mkubwa wao alinipapasa, akaitoa chupa.

"Mu hii chupa iko nini?"

Sisemi uongo. Sikusema siku hiyo pia. "Kanyanga," nilijibu.

Macho yake yaling'aa. Alilichomoa guguta, akanusa, akakohoa kwa raha. "Muzuri! Asante, ndugu." Akaiinua kwenye midomo.

Ndipo jirani yangu, bila kukishusha hata kikapu chake, aliposema kwa sauti ya mtu anayetoa ushauri wa nyumbani:

"Kunywa tu, komanda. Lakini nakuambia mbele: ule mama mu chupa hajazaa bado. Utamuzalisha weye."

Aliishusha chupa, akaitazama vizuri kwa mara ya kwanza. Kaa alikuwa amemwelekea, magando yameinuliwa, mayai yote ya rangi ya chungwa yamebanwa kwenye kioo.

"Hii… hii kitu ni nini?"

"Mama mwenye mimba," nilisema, na hilo nalo lilikuwa kweli.

Wenzake walianza kucheka. "Komanda, tumbo yako itatembea kandokando!" alisema mmoja, akaigiza kwa miguu, huku na huku mbele ya gogo. "Itabidi tukutafutie konokono ya kulala!"

Mkubwa wao aliurudisha mkono wake mbele, ameshika chupa kwa ncha za vidole viwili. "Pita na dawa yako, muchawi."

"Haiko muchawi," alisema jirani yangu. "Iko muntu ya kanisa. Hiyo ndiyo mubaya zaidi."

Tulipita tukikimbia. Nadhani tulicheka mpaka Kalundu, mimi na mwanamke ambaye moshi wake ulikuwa ukiniamsha kila Jumamosi, na sikumbuki siku nyingine ambayo mbavu zangu ziliuma vile.

Boti ilikuwa imekwisha kuwasha mashine. Watu walisukumana kwenye ubao wa kupandia, na masanduku ya maabara yalikuwa bado gatini, mkuu wetu juu yake, amevaa tai yake. Nilimpa chupa, nikampa lensi.

Kwanza alinusa na kukunja uso. Halafu akasogeza lensi. Nilimtazama alipokuwa akitazama: aliuona mgongo na madoa yake, akaigeuza chupa, akauona mkia mpana, akafika kwenye mayai. Hapo alisimama. Honi ilipigwa. Mtu mmoja alimwita kutoka kwenye boti, akamwita tena kwa hasira. Hakugeuka. Mtu huyu aliyesema nasi siku zote kwa Kifaransa au kwa Kiswahili cha vitabu, sasa alisema kwa Kiswahili cha mama yake, cha ufukweni kwetu, taratibu, kama anayejiambia mwenyewe:

"Haiko mutoto. Iko mama."

Sikumkumbusha habari za mkurugenzi mzungu. Haikuwa lazima, mkono wake ulikuwa umepanda kwenye fundo la tai, ukilikaza, kama siku zote aliposimulia. Aliteremka, akalifungua sanduku la juu, akaitoa ile bokali, na mbele ya kelele zote zile akaibandua etiketi kwa kucha zake, kipande kwa kipande, mpaka kioo kikawa safi. Baada ya hapo alichukua karatasi mpya na penseli, akaniuliza kama anavyoulizwa mtu wa kazi na mtu wa kazi mwenziwe.

"Mahali?"

Nikamtajia.

"Makao?"

"Ndani ya ganda tupu la konokono mkubwa, Shefu. Wote. Tulikuwa tukiwatupa."

Alifumba macho kidogo, akaandika. "Waliomkamata?" Akaandika jina langu na la mpiga kasia. "Na aliyemhifadhi? Kazi hii ni safi. Hakuna yai lililoharibika."

Nilimwelekeza kwa mkono. Jirani yangu alikuwa amesimama nyuma kidogo, kikapu bado kichwani, akiilinda chupa yake kwa macho. Mkuu alivua kofia.

"Mama, jina lako nani?"

"Mutaani kwetu bananiitaka Mama Kanyanga," alisema, akacheka kidogo.

"Sikuuliza wanavyokuita. Nimeuliza jina lako, nilitie hapa."

Alikishusha kikapu chini. Alijifuta mikono kwenye kitenge, akasimama wima kama anayeitwa mbele ya altare, akalitamka, jina ambalo kwa Kirundi hupewa pacha aliye mdogo, naye mkuu akaliandika herufi kwa herufi, akalirudia kwa sauti ili asikosee: Butoyi.